Kinyaa cha Mama Dirisha

Msusi alikuwa na mikono iliyokwisha kushika karibu vichwa vyote vya mtaa. Vyenye mba, vyenye chawa, vyenye vipele vilivyopasuka, vyote alivishika bila kukunja uso, maana mteja akikuona umekunja uso harudi tena. Lakini mama yake mzazi, aliyelala chumba cha nyuma huku upande mmoja wa mwili umekufa kwa kiharusi, hakuweza kumgusa hata kidole. Mwisho wake ulikuwa mlangoni. Hapo ndipo alipomsalimia, hapo ndipo alipoweka bakuli la chakula juu ya stuli na kuisukuma stuli kwa mguu mpaka ifike kitandani, na hapo ndipo alipogeuka kukimbilia uani na kitambaa puani. Binti wa kumzaa, na kwa mguu.

Kidonda kilikuwa chini kabisa ya mgongo, pale mfupa unapokutana na godoro. Tusifichane: kilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, kingo nyeusi, katikati kijani, na harufu yake ilikuwa imehamia kwenye mapazia, kwenye kopo la sukari, mpaka kwenye nywele za bandia ambazo Msusi alizileta nyumbani kuzichambua. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kuhusu usaha hawakusema lolote, na Msusi aliona walinyamaza makusudi.

Muuguzi wa zahanati alikuja, akatazama, akasema mambo mawili. Mgonjwa apate godoro la upepo, lile linalojaa na kupungua lenyewe ili mwili usilalie mahali pamoja. Au kama halipatikani, apatikane mtu wa kumgeuza, ubavu huu na ubavu huu, mchana kutwa na usiku kucha. Bila kimojawapo, kidonda kitafika kwenye mfupa.

"Na kikifika kwenye mfupa," alisema muuguzi akivua glavu zake na kutazama pembeni, "mjiandae."

Msusi alilishika neno godoro. Lile la pili lilimpita. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kurudi, kuoga, kula na kuondoka, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumwosha mgonjwa. Aliyemwosha, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini na kila jioni akirudi, hakuwa ndugu wala jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa Mama Dirisha.

Mama Dirisha alikuwa mpiga pasi kwenye dobi kubwa, jengo refu lenye mvuke mtupu ambamo yalifuliwa mashuka ya hoteli na ya hospitali. Alikuwa mjane, watoto wake wakubwa na kila mmoja na kwake. Mfupi, mpana wa mabega, na mikono yake kuanzia viganja mpaka viwiko ilijaa alama za kuungua, mpya juu ya za zamani. Hakuwa mtu wa maneno. Kanisani hakuwa mwenyekiti wa chochote, hakuimba kwaya, hakuwahi kusimama kutoa ushuhuda, na siku akiombwa afunge kwa sala alisema machache mno, hata watu wakabaki wameinamisha vichwa wakingoja yaliyobaki.

Jina lake alilipata kwa fundi viatu. Huyo alikuwa mzee asiye na ndugu, amepanga chumba cha mwisho kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Alipoacha kuonekana kibarazani pake, majirani walisema kasafiri. Harufu ilipoanza, wakasema ni panya. Walipita mbele ya mlango ule wamebana pua, wakilaumiana nani kaacha chakula kioze, na mmoja wao, kwa moyo wa kujitolea, alinunua sumu ya panya kwa fedha yake mwenyewe akaimwaga chini ya mlango. Mama Dirisha, wakati huo bado akiitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alirudi kutoka kazini akasimama pale na kunusa. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamekwisha kumfunza. Akausukuma mlango kwa bega, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kufungua dirisha. Fundi viatu alikuwa hai. Alikuwa amelala katika uchafu wake, macho wazi, ulimi umevimba, na siku zote zile alikuwa akiwasikiliza majirani zake wakizungumza habari za panya.

Alimwosha. Alimwosha kila siku mpaka mzee akafa wiki kadhaa baadaye, juu ya shuka safi, na majirani wakachanga jeneza zuri sana lenye vishikio vya kung'aa. Inatia kichefuchefu kusimulia lile jeneza lilivyosifiwa. Wapo wanaolikumbuka mpaka leo, na ile sumu wameisahau.

Tangu hapo, penye mgonjwa aliyeachwa, Mama Dirisha alifika. Hakuitwa, alisikia tu. Aliingia, akafungua dirisha, akasimama mbele yake kidogo na kusema kwa sauti ya chini, "Bwana, tangulia." Kisha akakunja mikono ya gauni. Mzigo wake ulikuwa uleule siku zote: ndoo, sabuni, vitambaa vilivyochemshwa, na nusu ya limau ndani ya mfuko wa plastiki. Watu walisema mama yule anapenda limau kupita kiasi. Akimaliza kuosha alisema, "Ngoja nikamwage maji," akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kidogo, akarudi kinywa kikinukia limau. Kwa Msusi alikuwa ametundika hata kikombe cha bati kwenye msumari nyuma ya tangi la maji. Msusi alidhani ni cha kupimia maji.

Mtaa ulimheshimu, hilo lisemwe. Mlevi wa kona, aliyetukana hata jua likichomoza, alivua kofia akimwona. Muuza mkaa alimjazia debe mpaka mkaa ukamwagika chini. Wanawake waliokuwa wakisutana bombani walinyamaza mpaka apite, kisha wakaendelea kwa sauti ndogo zaidi. Hakuna aliyemtangaza, hakuna aliyemwandika popote, lakini ukitaja jina lake mbele ya watu, uongo ulikuwa mgumu kusemwa kwa muda. Ila hakuna aliyempa mkono. Benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi kulia na nafasi kushoto, hata siku ambazo watu walikosa viti wakasimama nje. Heshima na kinyaa vilikalia nafasi ileile, na waliomwachia nafasi hawakujua wanampa kipi kati ya hivyo viwili.

Na walikuwa wamejitengenezea maelezo. Walisema Mama Dirisha hana kinyaa. Walisema Mungu kamnyima pua akampa moyo. Walisema ni karama, na karama, kama tujuavyo, kila mtu ana yake. Kundi la kutembelea wagonjwa, wanawake wenye sare ya kitambaa kimoja, lilikuja kwa mama yake Msusi, likaimba beti zote likiwa mlangoni, likaomba likiwa mlangoni, likaacha kipande cha sabuni juu ya ileile stuli, na kiongozi wao akasema wakitoka, "Kazi ile ya ndani ina mwenyewe. Sisi karama yetu ni faraja." Msusi aliitikia kwa kichwa. Yeye karama yake ilikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Ilikuwa hesabu nzuri, isiyomdai mtu chochote, na aliishi ndani yake kwa raha.

Ndipo akaja Kipaza.

Kipaza alikuwa mzee wa kanisa anayeshughulikia vipaza sauti na kamera, mtu wa suti na manukato mazito, asiyeweza kuona maikrofoni bila kuijaribu. Alikuja na Mchungaji siku moja jioni. Mchungaji akaeleza: kanisa linaadhimisha kuanzishwa kwake, kutakuwa na ibada kubwa, na mfadhili mmoja mwenye kiwanda cha magodoro atahudhuria. Mtu mwenye moyo, akiguswa hutoa. Wamepanga kumwonyesha kazi ya Mama Dirisha kwenye pazia kubwa la picha, kisha Mama mwenyewe asimame aeleze jinsi Bwana alivyomwondolea kinyaa.

"Akiguswa," Mchungaji alisema akimgeukia Msusi, "mama yako atakuwa wa kwanza kupata godoro la upepo. Nimeshamdokeza."

Usiku mwingi Msusi alikuwa amekaa akisikiliza mama yake akiguna kupitia ukutani, na kila mguno ulimchoma. Alitaka kufanya kitu. Alitaka sana kufanya kitu, mradi kiwe kitu cha kufanywa kutoka mlangoni. Godoro lilikuwa ndilo hasa: lingeingia chumbani badala yake, lingemgeuza mama yake badala yake, na yeye angekuwa binti mwema bila kuziba pua.

Kipaza alitaka kupiga picha palepale. Alifika mlangoni mwa chumba, harufu ikampiga, akarudi nyuma akamkanyaga Mchungaji. Kisha akatoa chupa mfukoni, akanyoosha mkono, akanyunyizia manukato chumba kizima, shuka, mto, na uso wa mgonjwa. Maua juu ya usaha. Hata leo Msusi akinusa manukato ya aina ile hugeuza kichwa. Mama yake alifumba macho, akainua ule mkono wake mmoja mzima, akaivuta pembe ya shuka mpaka ikafunika uso.

Mama Dirisha, aliyekuwa akikamua kitambaa, alisimama kati ya kamera na kitanda.

"Huyu hapana, Mzee."

"Picha kidogo tu, Mama. Kwa ajili ya utukufu."

"Nipige mimi mgongo. Au piga ndoo."

Kipaza akapiga mgongo, akapiga na ndoo, akaondoka akipangusa viatu vyake kwenye nyasi kana kwamba alikuwa ameingia.

Siku moja kabla ya ile ibada, Msusi aliondoka mapema kwenda saluni, akafika nusu ya njia akakumbuka amesahau sindano zake za kusukia. Akarudi. Alipopita uani alisikia sauti nyuma ya tangi, sauti ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayependa kuisikia. Akachungulia.

Mama Dirisha alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika bomba, anatapika. Alitapika kama mtu aliyezoea, bila kelele nyingi, akisubiri kati ya wimbi na wimbi. Kilichotoka kilikuwa maji ya njano tu, machungu kuyatazama. Akamaliza, akafukia kwa mchanga kwa ncha ya kiatu, akachukua kikombe cha bati kutoka kwenye msumari, akasukutua, akakamulia limau mdomoni. Alipogeuka akamkuta Msusi.

"Mama Dirisha, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nimemaliza kumwosha mama."

"Umekula nini?"

"Sijala. Nikija huku sili mpaka nimalize. Inapunguza."

Msusi alitazama kikombe. Alitazama msumari. Vitu viwili vilivyokaa machoni pake siku zote hizo vilikuwa vinamcheka.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Kwa mama yangu tu?"

"Kwa wote. Usimwonee mama yako."

"Lakini watu wanasema huna kinyaa."

"Wanasema. Hawajaniuliza." Mama Dirisha alikitundika kikombe. "Kwa fundi viatu nilidhani nitakufa mimi kabla yake. Nikamwomba Mungu aniondolee. Niliomba miaka, mwanangu, nikafunga na kufunga. Hakuniondolea. Nikaona basi, labda hataki. Angeniondolea, mgonjwa angekuwa kama meza tu, napangusa napita. Nikaacha kuomba hilo nikaanza kubeba limau."

Mtu mwingine angeguswa. Msusi, tuseme ukweli wake, alipata hofu, na hofu yake ilikuwa ya godoro.

"Kesho ni ibada," alisema.

"Najua."

"Watakuuliza."

"Najua, mwanangu."

"Basi sema wanachotaka. Ni maneno mawili matatu. Sema Bwana kakuondolea, ukae chini. Nani atajua?" Msusi akasogea karibu, karibu kuliko alivyowahi kusogea. "Mama yangu anaoza mle ndani."

"Naona. Mimi ndiye ninayemwosha."

Msusi alinywea. Lakini hakuacha.

"Kwa hiyo utasema?"

"Nitakachoulizwa nitakijibu," alisema Mama Dirisha, akachukua ndoo yake akaenda kazini.

Msusi akalichukua jibu lile jinsi alivyolitaka. Mwenye shida hachagui kamba.

Kesho yake kanisa lilipambwa maua ya plastiki mpaka kwenye feni. Mfadhili aliketi mbele kwenye kiti cha sofa kilichobebwa kutoka nyumbani kwa Mchungaji, na mbele yake meza yenye maji ya chupa, ambayo hakuyagusa. Kwenye pazia kubwa ukaonekana mgongo wa Mama Dirisha, kisha ndoo, kisha mgongo tena, na chini yake maandishi yanayopepesuka: MWANAMKE ASIYE NA KINYAA. Watu wakapiga makofi. Watu walewale waliomwachia nafasi kulia na kushoto walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na Msusi, kutoka kwenye safu ya kwaya, alipiga pamoja nao na kujichukia huku anapiga.

Mama Dirisha akaitwa. Alipanda madhabahuni na gauni lake lilelile, limepigwa pasi kwelikweli. Mchungaji akampa maikrofoni, naye akaishika mbali na uso kama mtu aliyepewa pasi ya moto upande usio wa mpini.

"Mama yetu," alisema Mchungaji, "waeleze watu. Bwana alikufanyia nini kuhusu kinyaa?"

"Hajafanya kitu, Mchungaji. Ninacho."

Kicheko kidogo kikapita. Mchungaji naye akacheka, cheko la mtu anayemsaidia mwenzake kuruka mtaro.

"Ulikuwa nacho. Kabla hajakuondolea."

"Ninacho mpaka sasa. Jana nimetapika. Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nimetapika. Hakuna mgonjwa niliyemwosha nisitapike." Alisema taratibu, bila uchungu, kama anayeeleza njia ya kufika mahali. "Sina karama. Nimesikia mnasema ninayo, ndiyo maana nimekubali kusimama, niwaambie. Mimi ni kama nyinyi. Mnachonusa nyinyi ndicho ninachonusa mimi."

Mwanamke mmoja wa sare alikuwa ameshika kitambaa mdomoni, maana neno kutapika limesemwa madhabahuni. Kipaza, huko nyuma kwenye mitambo, akakata sauti, na Mama Dirisha akaonekana midomo ikicheza bila neno, mpaka naye akagundua, akairudisha maikrofoni kwa mikono miwili na kushuka. Mchungaji akapunga mkono kwa kwaya. Kwaya ikaanza wimbo. Msusi alifungua kinywa alete sauti ya kwanza, ikaja pumzi tupu.

Mfadhili aliguswa, lakini na kwaya. Alitoa spika mbili mpya, kubwa, za kusimama. Kipaza alilia machozi.

Nje, baada ya ibada, watu walikuwa na hasira, na hasira yao ilinuka kuliko kidonda. Angetia chumvi kidogo tu, ingemgharimu nini? Kaliaibisha kanisa. Mambo ya kutapika yanasemwa mbele ya wageni? Kiongozi wa kundi la wagonjwa alimshika Msusi mkono, akampa pole ya godoro, akasema, "Na mimi niliamini kweli hana kinyaa. Kumbe alikuwa anatudanganya." Msusi alimtazama usoni, poda imekaa vizuri, na kwa mara ya kwanza harufu iliyompanda puani haikutoka chumba cha nyuma. Aliutoa mkono wake, akaondoka bila kuaga.

Njia nzima aliibeba hasira yake mwenyewe kama mtungi uliojaa, asimwage hata tone kabla ya kufika. Alimkuta Mama Dirisha ameshafika, yuko uani na gauni lake la kanisani, anawasha jiko achemshe maji.

"Umeniulia mama," Msusi alisema.

Mama Dirisha aliendelea kupuliza moto.

"Godoro lile lilikuwa lake. Lilikuwa tayari. Maneno mawili, Mama Dirisha. Mungu angekusamehe."

"Angenisamehe," alisema Mama Dirisha. "Ila wale watu wangekwenda nyumbani na raha yao. Kila mgonjwa wa mtaa huu wangenisubiri mimi. Na mimi nazeeka." Akaweka sufuria juu ya jiko. "Godoro halipo, ni kweli. Muuguzi alisema nini kingine?"

Msusi alikumbuka lile neno la pili. Apatikane mtu wa kumgeuza.

"Mimi siwezi," alisema. "Siwezi, Mama. Nina kinyaa."

Alisema na kujisikia akisema. Mara ngapi alilitumia neno lile, kwa muuguzi, kwa mumewe, kwa nafsi yake kitandani, na kila mara lilifunga mazungumzo vizuri. Sasa lilitoka mdomoni likaanguka chini, halikufunga kitu.

"Najua," alisema Mama Dirisha. "Basi tuko wawili."

Akaingia ndani. Msusi alisikia dirisha la chumba cha nyuma likifunguliwa, na sauti ya chini, "Bwana, tangulia." Alisimama uani. Angeweza kwenda dukani. Angeweza kumkumbuka mteja. Alivua viatu vyake vya kwaya, akajikaza kisabuni, akauvuka ule mlango.

Harufu ya ndani ilikuwa nzito kuliko ya mlangoni. Mama yake alikuwa amelala chali akitazama dari. Macho yakateremka, yakamwona binti yake amesimama ndani, si mlangoni, yakatanuka kwa hofu, maana alidhani kuna msiba.

"Shika bega na nyonga," alisema Mama Dirisha. "Mvute kwako. Mwili mzima pamoja, usimkunje."

Msusi akashika. Ngozi ilikuwa laini mno na moto mno. Bega lililombeba utotoni lilikuwa limebaki mfupa na mfuko. Alivuta, na mama yake akaja ubavuni, mwepesi, kichwa chake kikaegemea tumbo la Msusi, na kidonda kikafunguka mbele ya macho yake yote mawili. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimegandamana nacho. Mama Dirisha akakilowesha, akakibandua taratibu, na kilichokuja nacho kilikuwa uzi mrefu wa kijani uliovutika, ukavutika, ukakatika. Chini kabisa, katikati, palionekana peupe padogo. Msusi hakuuliza ni nini. Alijua. Mwili ulimkataa, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu, mate yakajaa, lakini mikono hakuitoa.

Mama yake akasema kitu. Mdomo wake ulikuwa umepinda, na maneno yake yalihitaji kungojewa. Msusi alidhani ni baraka, au ni lawama, na hakujua alistahili ipi. Akainamisha sikio.

"Mi... mikono," alisema mama yake. "Mikono yako ya baridi."

Walimaliza kuosha. Walimfunga kitambaa safi, wakampangia mito, wakamfunika. Ndipo Msusi akatoka kwa mwendo wa heshima mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni akakimbia. Alifika nyuma ya tangi kwa bahati tu. Alitapika chakula cha asubuhi, akatapika keki ya sherehe, akatapika mpaka tumbo halina kitu na bado linajikamua. Alipoinua kichwa, machozi na kamasi vimemjaa usoni, alimwona Mama Dirisha hatua chache pembeni, ameshika bomba, naye anatapika, gauni la kanisani amelikusanya kati ya magoti lisiingie doa. Walitazamana. Kama mtu angepita angesema ni wanawake wawili waliokula kitu kibovu.

Mama Dirisha alisukutua kwanza. Akakiosha kikombe, akakijaza, akampa. Akakata kile kipande cha limau kwa meno, akampa nusu.

"Kesho pia itakuwa hivi?" Msusi aliuliza.

"Kesho pia."

"Na keshokutwa?"

"Sukutua, mwanangu, kabla hayajakauka mdomoni." Mama Dirisha alifukia kwa mchanga, pake na pa Msusi. "Mimi naenda kwa muuza mitumba, naye mguu wake umeanza kuoza. Jua likifika kwenye ule ukuta, mgeuze ubavu wa pili."

Akachukua ndoo yake akaondoka. Msusi alimsindikiza kwa macho mpaka kona, akamwona mlevi akivua kofia.

Jua lilipofika ukutani hakwenda moja kwa moja chumbani. Alimimina maji ya moto kwenye beseni, akatumbukiza mikono yake, akaiacha humo mpaka ikapata joto hadi mifupani. Kisha akaikausha, akaweka kipande cha limau mfukoni, akaingia.